Sanduku la kome wawindaji 24 linalouzwa Tanga: maganda yanafaa, mpangilio haufai

Sanduku hili linauzwa Tanga mjini, katika vibanda vya mapambo ya pwani, kwa shilingi 120,000 kabla ya mapatano. Ni sanduku bapa la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, lililopakwa vanishi, lenye kifuniko cha kioo na vyumba 24 katika safu nne za vyumba sita. Kila chumba kimetandikwa pamba na kuwekwa ganda moja la kome, yaani konokono wa baharini, anayedaiwa kula nyama. Chini ya ganda kuna kibandiko chenye namba na jina la Kilatini. Ndani ya sanduku kuna kadi ya kukunja inayoyagawa maganda katika makundi manne, pamoja na kifuko cha nailoni chenye maganda madogo ya chaza yaliyotoboka, ambayo muuzaji huyatoa bure kama shanga.

Wanaolinunua ni wenye nyumba za wageni wanaotaka pambo ukutani, na walimu wa baiolojia wanaotaka kitu cha kushika mkononi wanapofundisha moluska. Tathmini hii ni ya kundi la pili. Maganda yenyewe yanastahili bei, kwani ni wastani wa shilingi 5,000 kwa moja, na mengi ni mazima. Kadi haifai kufundishia. Sanduku lenyewe litayala maganda polepole lisiposhughulikiwa. Mambo yote mawili yanarekebishika kwa gharama ndogo.

Tuanze na maganda. Kabla ya kulipa, toa kila ganda kwenye pamba na uangalie sehemu tatu. Ya kwanza ni ncha ya juu kabisa, ganda la utotoni: likiwa limevunjika, ganda lote limepoteza sehemu muhimu ya utambulisho. Ya pili ni ukingo wa nje wa mdomo. Wauzaji wengi husawazisha ukingo uliovunjika kwa tupa, na dalili yake ni mstari ulionyooka mno unaokata mistari ya ukuaji badala ya kwenda sambamba nayo. Ya tatu ni mfereji wa chini, mahali kome anapopitishia mrija wake wa kuvuta maji na kunusa windo. Katika Haustellum haustellum mfereji huo ni mrefu na mwembamba, na huvunjika mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Vyumba vya Oliva, Harpa major na Mitra mitra ndivyo vyenye ubora wa juu zaidi: mng'ao ni wa asili na rangi haijachunwa. Chicoreus ramosus wa chumba cha kwanza naye ni mzuri, miiba yake yote ya majani imesimama.

Yanayokatisha tamaa ni mawili. Pleuroploca trapezium amepakwa vanishi nzito inayoziba mistari yake myekundu ya mdomoni. Vanishi hiyo hutoka kwa pamba iliyolowa asetoni au thina, wala ganda halidhuriki, maana vimiminika hivyo havili chokaa. La pili ni Charonia tritonis, kome wa baragumu. Mkubwa wake hufikia karibu nusu mita, lakini chumba kina urefu wa kidole na nusu tu, kwa hiyo wamewekewa mtoto wa sentimita 11. Hili ni kosa la mtengenezaji, na ni kubwa. Charonia ni miongoni mwa wanyama wachache wanaokula Acanthaster, kiti cha pweza chenye miiba kinachomaliza matumbawe, na kumchukua kabla hajazaa ni hasara kwa mwamba mzima. Mwambie muuzaji akuwekee ganda lingine, au akubali chumba kibaki wazi. Wateja wa kutosha wakimwambia hivyo, ataacha kuwanunua wadogo.

Sasa kadi, ambako ndiko kuna kazi kubwa. Makundi yake manne ni "wenye miiba", "wenye kofia", "wenye umbo la koni" na "wembamba". Mtengenezaji ameangalia umbo, akapanga kwa umbo. Matokeo yake ni kwamba maganda matatu kati ya 24 si ya wawindaji hata kidogo, na kila moja limeingia kwa sababu linafanana na jirani yake.

Katika "wenye miiba" kuna Lambis lambis, ganda la vidole ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Vidole vile ni vya ukingo wa mdomo uliokomaa tu, havirudiwi mgongoni kwenye kila mzunguko kama miiba ya Chicoreus. Lambis ni wa familia ya Strombidae, na Strombidae hula mwani na mabaki ya mimea.

Katika "wenye umbo la koni" kuna Conomurex decorus, Strombidae mwingine, aliyeandikwa "Conus". Huyu hudanganya hata watu waliozoea. Shika ganda mdomo ukikuelekea, ncha ikiwa juu, kisha tazama ukingo wa nje karibu na chini. Ukiona mkunjo wa ziada, kama pengo dogo la pili pembeni ya mfereji, huyo ni Strombidae: ni dirisha ambalo mnyama hutolea jicho lake lenye kikonyo. Conus hana pengo hilo. Tena ukingo wa Conus ni mwembamba na mkali hata akiwa mzee, ilhali wa Conomurex hunenepa anapokomaa.

Katika "wembamba" kibandiko kinasema "Terebra palustris". Huyo ni Terebralia palustris, kome wa kwenye matope ya mikoko, na akishakua chakula chake ni majani ya mkoko yaliyoanguka. Majina yanakaribiana na maganda yote mawili ni marefu yenye ncha, lakini mwindaji wa kweli wa kundi hilo ni jirani yake wa chumba cha pili, Oxymeris maculata wa familia ya Terebridae, anayeishi mchangani na kula minyoo. Ganda la Terebralia ni zito, la rangi ya matope, mdomo wake umepanuka na una mbavu zinazopanda juu. La Oxymeris ni laini, linang'aa, na mdomo ni mdogo ukilinganisha na urefu wa ganda.

Wengi hufundishwa kwamba mfereji au pengo chini ya mdomo ni alama ya mla nyama. Kanuni hiyo inasaidia, lakini sanduku hili hili linaivunja pande zote mbili. Strombidae wana pengo na wanakula mwani. Polinices mammilla, yule mweupe wa mviringo mwenye mng'ao, hana mfereji wala pengo, na ni muuaji mkubwa wa chaza wa mchangani.

Uainishaji wa kome hawa haukusimama kwenye miiba. Kwa muda mrefu umesimama kwenye meno, yaani radula, ule utepe wa ndani ya mdomo wenye safu za meno, na siku hizi juu yake kumeongezwa vinasaba. Polinices na jamaa zote za Tonnoidea, yaani wale wa kofia, wa baragumu na wa mapipa, wana meno saba katika kila safu na wamewekwa kwenye oda ya Littorinimorpha. Muricidae, yaani familia ya Chicoreus, na jamaa zao wengi wa oda ya Neogastropoda wana meno matatu au pungufu. Conus, ambaye naye ni wa Neogastropoda, ameacha safu kabisa: kila jino ni mshale mtupu wa ndani, unaotumika mara moja na kutupwa. Kadi haitaji radula hata kwa neno moja, na hilo ndilo pengo kubwa la bidhaa hii. Mwanafunzi anafunga sanduku akiamini kwamba miiba ni ukoo.

Dawa yake ni kupanga upya safu nne kwa namna ya kuua. Vyumba vinatosha kabisa, na vitatu vinavyobaki wazi baada ya kuwatoa wale watatu wasio wawindaji vina matumizi.

Safu ya kwanza waweke Muricidae wanne na Polinices: Chicoreus ramosus, Haustellum haustellum, Drupa ricinus, Drupella cornus, kisha Polinices mammilla. Familia hizi mbili ndizo watoboaji maarufu, ingawa hazina undugu wa karibu. Muricidae ana kiungo cha kutobolea kwenye nyayo, Polinices anacho chini ya mdomo, na wote wawili hubadilishana: kiungo hulainisha chokaa kwa kemikali, radula hukwangua, kiungo kinarudi. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kwenye ganda nene huenda siku kadhaa. Drupella asihesabiwe kuwa mtoboaji. Anakula nyama hai ya matumbawe, na ukiona kovu jeupe kwenye tumbawe lenye matawi, mtafute chini yake.

Katika chumba cha sita cha safu hiyo weka kile kilichotolewa bure. Kifuko cha shanga ndicho kitu chenye mafunzo kuliko vyote ndani ya sanduku, na mtengenezaji hakulijua hilo. Mimina maganda yale kwenye sahani na utazame matundu kwa kioo cha kukuzia. Tundu lenye kuta zilizosimama wima, kipenyo sawa nje na ndani, ni la Muricidae. Tundu pana nje na jembamba ndani, lenye mteremko kama wa tundu la kuzamishia kichwa cha skrubu, ni la familia ya Polinices. Mara chache utapata tundu ambalo halikumalizika, lenye kinundu katikati ya kishimo. Hilo nalo ni la familia ya Polinices, aliyekatizwa kazini. Tundu lililotobolewa kwa msumari au drili hupasua upande wa ndani na kuacha vipande vimebanduka. Tundu la mawimbi halina duara kamili, na mara nyingi liko pale ganda lilipojitokeza zaidi na kusuguliwa. Kifuko kimoja kina maganda 30 hadi 40, na tundu la kila aina hupatikana. Kama hukupewa, omba kabla ya kulipa.

Kibandiko cha Chicoreus kinaongeza kwamba kome huyu "ndiye aliyetoa zambarau ya wafalme". Ifute sentensi hiyo. Zambarau hiyo, iitwayo ya Tiro kwa jina la mji wa kale, ilitokana na Muricidae wa Mediterania, hasa Bolinus brandaris na Hexaplex trunculus. Ni ndugu wa familia moja na Chicoreus, lakini bahari yao ni nyingine. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 wa Bolinus kupata gramu 1.4 tu za rangi hiyo, akagundua kwamba ni indigo iliyobeba bromini. Kielelezo hicho kinafaa sana darasani, mradi kisihamishiwe kwa kome wetu.

Safu ya pili ni ya Tonnoidea: Cypraecassis rufa, Charonia tritonis kama umekubali kumchukua, Tonna perdix, Monoplex pilearis na Bursa granularis. Tonnoidea wanajulikana kwa mate yenye asidi ya salfa. Cypraecassis na jamaa zake wa Cassidae humshika Echinoidea, yule mnyama duara wa miiba mirefu anayechoma wavuvi miguuni, wakalowesha gamba lake kwa mate hayo na kukata kitundu cha kuingizia mdomo. Gamba tupu la Echinoidea lenye kitundu cha mviringo ndilo lijaze chumba cha sita, na huokotwa ufukweni baada ya upepo mkali. Tonna, mwenye ganda pana na jepesi kuliko unavyotarajia, hummeza jongoo bahari.

Safu hii ina zoezi zuri la ganda peke yake. Mara kwa mara kome hawa husimamisha ukuaji na kunenepesha ukingo wa mdomo; wakiendelea kukua, ukingo ule unabaki mgongoni kama tuta. Shika ganda ncha ikikuelekea, uhesabu pembe kati ya tuta na tuta. Chicoreus wa safu ya kwanza ana matuta matatu kwa mzunguko, nyuzi 120 kila moja. Bursa ana mawili yanayotazamana, nyuzi 180, hivyo matuta ya mizunguko yote hujipanga mstari mmoja pembeni. Monoplex huweka tuta kila baada ya theluthi mbili za mzunguko, takriban nyuzi 240, hivyo hayajipangi. Bursa ana pia mfereji wa pili juu ya mdomo, wa kutolea uchafu, ambao Monoplex hana. Kwa alama hizo mbili mwanafunzi anatenganisha familia tatu ambazo kadi imezichanganya.

Cypraecassis rufa anastahili neno zaidi, maana ndiye ganda la sanduku hili lenye historia ndefu ya biashara. Maganda yake mazito yalisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Italia, ambako mafundi wa Torre del Greco karibu na Naples huchonga sura za watu kwenye tabaka jeupe la juu na kuacha tabaka la rangi ya chungwa liwe mandhari. Kadi imeandika kwamba ganda la uchongaji ni "Cassis madagascariensis wa Bahari ya Hindi". Cassis madagascariensis huchongwa kweli, lakini licha ya jina lake ni kome wa Karibi.

Safu ya tatu ni ya wale wasio na silaha ya kushangaza kwa macho, na inapita haraka. Pleuroploca trapezium hula kome wenzake. Vasum turbinellus na Oxymeris maculata hula minyoo. Mitra mitra hula minyoo ya Sipuncula na karibu hagusi kingine. Oliva huwinda akiwa amejifukia mchangani, na ganda lake hung'aa kwa sababu nyama hulifunika kwa nje. Harpa major hukamata kaa, na akibanwa na adui hukata mwenyewe kipande cha nyuma cha nyayo zake na kukiacha kinapapatika.

Safu ya nne ni ya Conus watano, na hapa kadi inahitaji kurekebishwa kabla ya mtoto yeyote kuisoma. Imeandikwa kwamba "sumu iko kwenye ganda". Ganda tupu na kavu halina sumu. Sumu hutengenezwa kwenye mfereji wa ndani ya mwili na kusukumwa kupitia jino-mshale lililoko kwenye ncha ya mkonga, na mkonga huo hurefuka na kujikunja kufikia sehemu yoyote ya ganda. Kwa hiyo ushauri wa "mshike upande mpana" ni wa hatari, na kanga au glovu nyepesi havizuii mshale. Conus aliye hai haokotwi, hata bamvua linapoacha mwamba wazi na kome wamejaa.

Wote watano wana sumu, lakini hawalingani. Conus ebraeus mwenye madoa meusi ya mraba na Conus litteratus hula minyoo. Conus textile, mwenye michoro ya mahema juu ya rangi ya dhahabu, hula konokono wenzake na ni wa kuogopwa. Conus striatus na Conus geographus hula samaki, na geographus ndiye aliyeua watu wengi kuliko Conus wote. Pima kwa mkono: ganda la geographus ni jepesi, jembamba, na mdomo wake umepanuka kuelekea chini, kwa kuwa humeza samaki mzima. Ganda zito lenye mdomo mwembamba ulio sawa juu na chini kwa kawaida ni la mla minyoo. Geographus huongeza kwenye sumu yake aina ya insulini inayoshusha sukari ya samaki hadi akalegea.

Mtu akichomwa, asichanjwe wala asinyonywe jeraha. Kiungo kifungwe bendeji pana kwa kukaza kiasi, kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja akiangaliwa upumuaji njia nzima. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hii. Kinachookoa ni kupumulishwa mpaka iishe nguvu. Kutoka sumu ya ndugu yao Conus magus wa Pasifiki ya magharibi ilipatikana dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Kadi haiitaji, na ingependeza kuiongeza kwenye kibandiko.

Ganda la Conus litteratus limekatwa kwa msumeno kwa urefu, na tunampongeza mtengenezaji kwa hilo. Linaonyesha kitu ambacho ganda zima haliwezi kuonyesha: ukuta wa nje ni mnene, lakini kuta za mizunguko ya ndani ni nyembamba kama karatasi. Conus huziyeyusha mwenyewe anapokua, akapata nafasi ya mwili ndani na chokaa ya kujengea nje. Weka Conomurex decorus katika chumba cha sita cha safu hii, kwa kulinganisha, na kibandiko kiseme wazi kwamba ni mla mwani.

Majina ya Kilatini yana kasoro moja inayojirudia. Mtengenezaji ameweka mabano kwenye jina la mtoa jina kila mahali, "(Linnaeus, 1758)". Mabano huwekwa pale tu spishi ilipohamishwa kutoka jenasi ya awali. Linnaeus alimwita ramosus Murex, sasa ni Chicoreus, kwa hiyo mabano ni sahihi. Conus textile, geographus, striatus, litteratus na ebraeus walizaliwa Conus na bado ni Conus, kwa hiyo yaondolewe. Ukikuta kwingine "Cylinder textile" au "Gastridium geographus", huo ni mgawanyo wa mwaka 2009 uliovunja Conus katika jenasi nyingi. Kazi ya vinasaba iliyofuata iliwarudisha wengi kwenye Conus, na majina hayo yamebaki kuwa ya vikundi vidogo.

Lililo kubwa zaidi ya mabano ni mahali. Kila kibandiko kinasema "Bahari ya Hindi", na ganda lisilo na mahali ni pambo tu. Muuzaji mara nyingi anajua alikotoa ganda, wala si mchoyo wa habari. Muulize moja moja, uandike kwa penseli au wino usiofutika: kijiji au mwamba, mwezi na mwaka, mchanga au jiwe au mikoko, na kama liliokotwa tupu au na mnyama ndani. Jibu hilo lina uzito wa kisheria pia. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, inachukua sehemu kubwa ya pwani kuanzia upande wa Pangani, na ndani yake maganda hayaokotwi bila kibali. Muuzaji akisita kusema ganda limetoka wapi, usilichukue.

Na sasa sanduku. MDF na vanishi mbichi hutoa mvuke wa asidi, na kioo kimegandishwa kwa silikoni ile inayonuka siki, harufu ambayo ni asidi ya asetiki yenyewe. Ganda ni kalisiamu kaboneti. Katika joto na unyevu wa Tanga, ndani ya kisanduku kilichofungwa, asidi hiyo hugeuza uso wa ganda kuwa chumvi nyeupe ya unga. Hali hii huitwa ugonjwa wa Byne, kwa jina la mtu aliyeieleza mwaka 1899, japo hauambukizi kutoka ganda hadi ganda, ni kemia tupu. Maganda yenye mng'ao huonyesha kwanza: Oliva na Polinices hupoteza mwanga, kisha huota unga unaochafua kidole. Ung'avu uliokwisha kuliwa haurudi.

Nunua sanduku, lakini usiyaache maganda ndani yake kwa muda mrefu. Yahamishie kwenye kisanduku cha plastiki chenye vyumba, kile cha ndoana au cha skrubu, kifuniko kikiwa na matundu machache ya hewa. Pamba ibadilishwe na karatasi nyeupe safi, kwa kuwa pamba hunyonya unyevu na kuushikilia chini ya ganda. Sanduku la kioo litumike siku ya maonyesho tu. Ganda lililokwisha kuota unga liloweke kwenye maji ya mvua usiku mzima, ubadilishe maji mara mbili, ulikaushe kivulini siku kadhaa, kisha ulipake mafuta ya madini kidogo sana kwa kitambaa. Siki na ndimu visikaribie. Kuna wanaosafisha kwa ndimu kwa sababu ganda hutoka likiwa jeupe, lakini weupe huo ni ngozi ya ganda iliyoyeyuka.

Sanduku likinuka uozo, chanzo karibu kila mara ni Oxymeris au Terebralia, ambao mizunguko yao ya juu ni myembamba na nyama hukwama huko. Loweka kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila siku, ukitikisa na kumwaga, mpaka harufu iishe, kisha mimina spiriti ndani na uache ikauke. Usichemshe maganda yenye mng'ao, maana joto la ghafla huyapasulia nyufa za nywele.

Lipo pia toleo kubwa, ambalo kifuniko chake kimepambwa kwa nusu ya ganda la chaza mkubwa wa jenasi Tridacna. Liepuke, hasa kama unasafiri nje ya nchi. Tridacna wamo kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bila vibali sanduku litazuiwa mpakani hata kama kome wote 24 hawana tatizo. Hata toleo la kawaida ni zao la uvuvi linapotoka nje ya Tanzania, kwa hiyo pitia ofisi ya uvuvi kabla ya kufunga mzigo. Toleo dogo la maganda 12, shilingi 70,000, halina kifuko cha shanga wala Conus aliyekatwa, na kwa kila ganda ni ghali kuliko hili.